Firigisi ya Baba

Juzi mvua ya mawe ilinifumania mjini Kakamega, nikaingia hotelini nipate kitu cha moto. Nililetewa supu ya kuku, firigisi ikiwa juu. Nilishindwa kuigusa.

Kwetu firigisi ilikuwa ya Baba. Hata akichelewa, ilimngoja. Alasiri moja ya baridi kama hiyo, Mama na shangazi walirudi kutoka hospitali alikolazwa, wakachinja jogoo. Jiko lilinukia kuni mbichi na manyoya yaliyoungua, mvua ikipiga mabati. Nikafurahi. Kuku hachinjwi bure, basi Baba alikuwa njiani.

Mama akapakua, akaitia firigisi katika bakuli langu mimi, kifungua mimba wake.

"Mama, umekosea. Hii ni ya Baba."

"Kula tu. Ni yako sasa."

Sikuelewa. Nilimtazama shangazi, naye akageuka kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Siku hizi najua nilikuwa naambiwa nini. Siku ile niliifunika kwa kisahani, nikaisogeza karibu na makaa isipoe.

"Nitamwekea," nikasema.

Hakuna aliyenikataza.