Mchwa wa Jiko la Mavyaa

Mimba yangu ya kwanza niliibeba kwa kiburi. Nasomesha sayansi skuli ya hapa Micheweni, nikajiona najua lishe kuliko wanawake wote wa mtaani. Kituo cha afya kilinipa vidonge vya kuongeza damu. Mimi nikajiongezea kopo la vitamini nililoagiza Unguja, lenye maandishi ya dhahabu. Simu ikilia asubuhi, nameza. Ikilia jioni, nameza tena.

Mavyaa, mama wa mume wangu, ambaye tunaishi naye, alinipakulia matembele na dagaa kila siku. Nilikula vijiko viwili nikasukuma sahani. "Yote yamo koponi, mama," nilimwambia, kwa sauti ile ile ninayosomeshea darasa la tano.

Udongo ndio haukuwamo. Jiko lake ni la udongo, na mvua ikilowesha ukuta, harufu yake ilinijaza mate mdomoni. Akienda pwani kwenye shamba lake la mwani, mimi nabandua kipande kwa ukucha, baadaye kwa kijiko. Kufika mwezi wa sita, nyuma ya mtungi pana shimo la kuingia ngumi. Aliponionesha, nilitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mchwa hao, mama. Watafutiwe dawa."

Mwezi wa saba nesi alinipima, damu imeshuka. Akasema isipopanda sitajifungulia pale, nitapelekwa hospitali kubwa, na jamaa wajiandae kunitolea damu. Akaniuliza kama nala udongo, maana huzuia vidonge visifanye kazi.

"Mimi? Mwalimu mzima?"

Nilirudi nyumbani. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kumdhuru mwanangu kwa ulafi wa ukuta. Mavyaa nilimkuta analikandika lile shimo. Nikakaa chini nikalia, nikamwambia hakuna mchwa.

"Najua. Tangu lini mchwa wakashika kijiko?" Akanivuta hadi pembe ya pili, nyuma ya kuni, akanionesha kiraka cha zamani. "Hapa nlikula miye, mumeo yumo tumboni. Lakini nlikula na samaki, mwanangu."

Akanawa mikono, akanipakulia. Nilimaliza sahani mbili.

Vidonge vya kituo sikuviacha, na matembele sikuyaacha tena. Damu ikapanda, nikajifungulia pale pale. Mtoto sasa anatambaa. Juzi tumemkuta nyuma ya mtungi, mdomo umemjaa udongo, na mavyaa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.