Amina ya Mama Katika Ghala la Pamba

Mimi ndiye niliyemsukuma mama yangu asimame aombe. Naliandika hili mwanzo kabisa, kabla sijaanza kuwalaumu watu wa ofisi, maana nikianza na wao huwa simalizi.

Mama, ambaye tangu utotoni namwita mwaitu, aliishi katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa safu, nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Kitui. Chumba kimoja, jiko la nje, mabati yenye kutu na mpapai mlangoni. Aliajiriwa pale akiwa msichana, kazi yake kushona magunia ya mbegu. Nilizaliwa humo. Mpaka leo nikinusa mafuta ya mbegu za pamba najihisi nimefika nyumbani. Pamba ilipokufa, meneja wa mwisho aliwaambia wafanyakazi wakae kwenye nyumba zao mpaka watakapoitwa. Hakuna aliyewaita. Wenye mashamba wakarudi Matinyani na kwingineko, wakaendelea na maisha. Mwaitu hakuwa na shamba. Ndoa yake ilivunjika mapema, na kwa ndugu zake hakukuwa na kipande cha ardhi cha dada aliyerudi. Chumba kile ndicho pekee alichoweza kukiita chake, na hata hicho hakikuwa chake.

Siku moja bango likapigiliwa misumari langoni: kiwanda kitabomolewa, nyumba za ghorofa zitajengwa, mwenye maoni afike kwenye mkutano wa wananchi. Lilikuwa la Kiingereza tupu. Mwaitu akanipigia simu Kilungu, ninakofundisha, nami nikaja Ijumaa nikamsomea tukiwa tumesimama juani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na sisi watu wa laini wametuandika wapi?"

Nikasoma tena kutoka juu mpaka chini. Hatukuandikwa popote. Kwenye ramani iliyokuwa chini ya bango, mahali pa chumba chake palichorwa maegesho ya magari.

Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani, pale marobota ya pamba yalipokuwa yakipangwa hadi darini. Kulikuwa na viti vya plastiki, kreti za soda na mikate, na mbele waliketi wageni wa mradi na wa ofisi ya mipango. Tulitia sahihi mlangoni, kila mtu na nambari yake ya kitambulisho. Naibu wa chifu akauliza nani atatuombea ili tuanze. Kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata uwe wa kugombana. Hapo mimi, msomi wa familia, nikajiona mjanja. Nikawaza kwamba wakimwona mama huyu na kitambaa chake cha kanisa kichwani, wakamsikia sauti, watajua kuna mtu anayeishi hapa. Nikamgusa ubavuni.

"Mwaitu, simama uombe."

Akasimama. Mwaitu huwaombea wageni kama wageni. Alimshukuru Ngai kwa kuwaleta salama, akaomba awabariki, aibariki kazi iliyowaleta, awape hekima, awarudishe makwao bila ajali. Ndivyo tunavyoomba. Hata aliyekuja kukuchukulia mbuzi utamwombea njia njema. Ghala zima likaitikia Amina, na yangu ilisikika kuliko zote, kwa vile nilikuwa nimeona fahari.

Wakati wa maswali nilisimama nikasema kuhusu watu wa laini: ni wachache, ni wazee, hawana pa kwenda, wapewe hata vyumba vya chini. Bwana mmoja mwenye faili akaniambia, "Hiyo tumeinoti, mwalimu." Nikamgeukia mwaitu nikamnong'oneza aseme na yeye. Akanikata jicho.

"Mimi nimetoka kuombea watu saa hii, halafu nisimame niwagombanishe? Hiyo ni tabia gani?"

Tukanywa soda.

Baadaye niliandika barua ya kupinga, kurasa mbili, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mipango. Afisa aliyenipokea alikuwa dada mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alinipa kiti, akaisoma barua yote bila kuruka, kisha akafungua faili na kunigeuzia. Zilikuwa kumbukumbu za mkutano. Ziliandikwa hivi: wakazi wa nyumba za zamani za wafanyakazi, wakiongozwa na mama aliye mkubwa kwa umri, waliubariki mradi. Chini yake, kwa mstari mmoja: maswali ya wananchi yalijibiwa.

"Lakini hayo yalikuwa maombi," nikamwambia.

"Mwalimu, hata mimi ni mtu wa kanisa. Alisema Mungu abariki kazi. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na kuna mtu alikataa hayo maombi?"

Utayakataaje maombi? Laiti angekuwa ananidhihaki ningempigia kelele, nikaondoka nikiwa nimepumua kidogo. Hakuwa ananidhihaki. Aliigonga barua yangu muhuri wa kupokelewa, na nikatoka nje nikiushukuru muhuri ule kama mjinga.

Kosa la pili nililifanya jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira, nikamwambia mwaitu yaliyoandikwa. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Wameandika ni mimi?" Nikasema hawakutaja jina, wamesema mama mkubwa kwa umri. Akaendelea kuchambua maharagwe, lakini niliona anatupa mazima pamoja na mabovu.

Mradi ukapitishwa. Watu wakaja na rangi nyekundu, wakachora alama ya X ukutani kwake, naye akawapa uji. Nyumba mpya, tuliambiwa, ziko wazi kwa kila mwananchi, ajiandikishe kwa kompyuta na aambatanishe hati ya mshahara. Mwaitu alimaliza mshahara wake wa mwisho kabla nchi hii haijajua kompyuta. Nilizunguka ofisi tatu. Kila moja ilinielekeza kwenye nyingine, kwa adabu.

Sasa anaishi nami Kilungu. Baridi ya asubuhi inamuumiza magoti, na vilima anasema vinamziba, hajui mvua inatokea wapi. Halalamiki. Ningefurahi akilalamika.

Siku ya kwanza niliandaa muthokoi vizuri, nikaweka mezani, nikamwambia atuombee kama ilivyokuwa kawaida yetu tangu nilipojua kushika kijiko. Hakufumba macho.

"Omba wewe," akasema. "Mimi nikiomba, wanaandika."

Nikaomba mimi, vibaya, nikikwama katikati. Nilipofika mwisho nikangoja Amina yake. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshaanza kula.