Lori la Kompyuta na Ng'ombe wa Mahari

Kuna watu pale Shinyanga ambao mpaka leo wakiniona nashuka kwenye basi wanapaza sauti, "Dokta! Inasemaje?" kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega, na wanachokicheka ni kweli tupu. Nimezunguka sana tangu wakati ule, Geita, Kahama, Chunya, na kila nilipofika nilijaribu kuwa mtu mpya, lakini siku mbili tatu haziishi kabla hajatokea mtu anayeijua habari yangu. Basi leo niisimulie mwenyewe, angalau nami nifaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, Shinyanga ile ya baiskeli za abiria na malori ya pamba yaliyodondosha nyuzi nyeupe barabara nzima mpaka mji ukaonekana umenyolewa ndevu. Nilikuwa fundi kwenye gereji ya Mzee Nazir, Mhindi aliyezaliwa pale pale mjini na aliyezungumza Kisukuma kunishinda mimi (mimi nililelewa mjini kwa mjomba, Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa). Malori yetu yalikuwa ya zamani, yale ambayo ugonjwa wake unausikia kwa sikio. Ukisikia linakohoa unajua nozeli, ukisikia linavuta pumzi unajua pampu, na umeme wake unaupima kwa kugusa waya kwenye betri: ikitoka cheche, kuna moto; isipotoka, tafuta kwingine. Nilikuwa na furaha siku zile, kusema kweli, na sikujua kama ni furaha.

Kisha Mzee Nazir akanunua lori lililokwishatumika ng'ambo, na injini yake ilikuwa inaendeshwa na kompyuta. Mafundi wote waliliogopa, wakawa wanalizunguka kama watu wanaotazama nyoka aliyelala. Mimi peke yangu nikasema ninalijua. Nililijulia wapi? Niliwahi kukaa miezi kadhaa kwenye kambi moja ya watafiti wa dhahabu huko Geita, na pale nilimwona fundi wa kigeni akibonyeza kitufe chini ya dashibodi, taa ya manjano ikawaka na kuzima, akahesabu imewaka mara ngapi, akafungua kitabu chake, akajua sensa gani, yaani kifaa gani kinachoipa kompyuta habari za gari, imekufa. (Kazi yangu pale kambini ilikuwa kuosha magari, lakini hilo nilisahau kulitaja gereji.) Kitabu sikuwahi kukisoma. Kuhesabu nilijua. Hapo ndipo nilipopata jina la Dokta.

Mwaka huo huo nikampata Nyamizi, binti aliyekuja mjini kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Kwao ni ng'ambo ya Mwakitolyo, ukielekea upande wa Geita. Mjomba wangu Luhende ndiye aliyekuwa mshenga, na baada ya safari zake nyingi ng'ombe wakakubaliwa, siku ikapangwa, na Mzee Nazir akasema atatoa lori lile jipya kuwa zawadi yake kwangu, kwa sababu ndilo lililozoea kubeba ng'ombe wa minadani.

Sasa kwetu bwana harusi hapeleki ng'ombe mwenyewe. Anabaki nyumbani, anasubiri habari. Na zaidi ya hapo mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Mkionana kwa mbali njiani, mmoja anakata porini mpaka mwenzake apite. Hayo nilifundishwa, na hayo niliyajua. Lakini asubuhi ile nilivaa shati jeupe na suruali yenye mstari wa pasi, nikapanda lori.

"Unakwenda kufanya nini?" mjomba akaniuliza. "Ng'ombe hawajui njia?"

"Nakwenda kwa ajili ya gari, mjomba. Likiugua njiani nani atalitibu? Nitakaa humu humu, sishuki."

"Na hilo shati jeupe, ni la kutibia gari?"

Dereva wetu Masalu akacheka mpaka akazima injini bila kutaka. Huo ndio uamuzi wenyewe, rafiki zangu, mdogo hivyo: kupanda gari badala ya kubaki nyumbani. Nilitaka Nyamizi anichungulie japo kwa dirisha.

Tulipokaribia Mwakitolyo taa ya manjano ikawaka, na lori likaishiwa nguvu. Si kwamba lilizima. Lilikataa tu kukimbia. Masalu anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inanguruma kidogo kama mtu aliyeamshwa, basi. Mzee mmoja mwenye mbuzi kwenye kerea ya baiskeli akatupita, akageuka, akatupungia mkono. Mbuzi pia alitutazama.

"Dokta," akasema Masalu, "mgonjwa wako huyo. Ila mimi naona twende hivi hivi, litafika."

Na lingefika! Nilikuja kujua baadaye kwamba kompyuta ikipoteza habari za sensa fulani hulipunguzia gari nguvu makusudi, ili lijikongoje mpaka nyumbani lisiharibike. Gari lilikuwa linatuhurumia. Lakini mjomba alikuwa ametoa kichwa dirishani anatazama jua.

"Wazee wameshakaa," akasema. "Kuna mnunuzi wa dhahabu alikwishaulizia yule binti. Tusipofika leo watasema tumewadharau, na hapo sina mdomo wa kurudi nao."

Nikasema, "Simamisha."

Nilibonyeza kitufe, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Wachimbaji waliokuwa wanatoka mashimoni, vumbi mpaka kwenye kope, wakakusanyika mlangoni, na kila mmoja akahesabu kwa sauti yake. Mmoja anasema nne, mwingine anasema "Tano, wewe hukusoma?" na wa tatu anahesabu kwa Kisukuma akianza upya kila wanapobishana.

"Sasa inasemaje, Dokta?" Masalu akauliza.

Kitabu sina. Namba hata tungeipata sawasawa ningeijulia wapi maana yake? Nikakunja uso kama mganga anayesoma ramli, nikasema, "Inasema umeme haufiki."

Ajabu ni kwamba nilikuwa karibu na ukweli. Nikaufuata msokoto wa waya kutoka kwenye kompyuta, ukapita kando ya chasisi, ukaingia chini ya bodi mpaka kwenye gia boksi, na pale kulikuwa na soketi ya sensa ya mwendo. Juu yake mkojo wa ng'ombe ulikuwa unadondoka, taratibu, bila haraka yoyote, kama ulivyodondoka kila safari ya mnadani tangu lori linunuliwe. Nikatazama ile soketi. Nikatazama shati langu. Nikajiambia tatizo haliwezi kuwa pale.

Nikarudi kwenye kompyuta yenyewe, mahali pakavu, pasafi, pa heshima. Nikachomoa plagi yake kubwa, nikachukua waya kutoka kwenye betri, nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote: nikagusa pini za kompyuta ili nione cheche.

Cheche niliiona. Ilikuwa nzuri, ya bluu. Ikafuatiwa na harufu ya plastiki iliyoungua, halafu taa ya manjano ikazimika kabisa.

"Umeponya!" wachimbaji wakashangilia. Nikarudisha plagi, Masalu akawasha. Kimya. Akawasha tena, stata inazunguka, injini haina habari.

"Tulisukume," mmoja akasema, na kwa kweli wakasukuma, likiwa na ng'ombe juu, kisha tukasogeza lori kwenye ukingo wa barabara tukateremsha ng'ombe, wakasukuma tena wakiimba. Lori la zamani lingewaka hata mara tatu. Hili lilikuwa linasubiri ruhusa ya kompyuta, na kompyuta nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu. Wachimbaji wakakaa chini wanahema. "Dokta wenu huyu," mmoja akamwambia mjomba, "akija kunitibu mimi, mnizike kwanza."

Mjomba hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alikata fimbo mbili, moja akanipa.

"Masalu analinda gari. Mimi peke yangu siwezi ng'ombe wote hawa. Tembea. Tukifika karibu na mji wao utajificha."

Tulitembea na wale ng'ombe kwenye jua lile, katikati ya mashamba ya mtama na mawe yaliyochimbuliwa, mimi na viatu vyangu vya ngozi vinavyoteleza. Kabla ya nusu ya njia shati lilikuwa limepata samadi, vumbi na damu ya mwiba. Na bado, nikikumbuka sasa, napenda ile njia. Mjomba alikuwa anawaimbia ng'ombe kwa sauti ya chini, wimbo ambao sijawahi kuusikia tena kwa mtu mwingine, na kwa muda nilisahau kwamba nimeharibikiwa.

Tulifika jua likiwa bado lipo. Wanawake walipoona ng'ombe wakapiga vigelegele, na ng'ombe, ambao tangu asubuhi walikuwa wamevumilia mengi, wakaona hilo sasa limezidi. Wakatawanyika. Dume moja likaingia kwenye shamba la karanga, wengine wakafuata, na wanaume wote wakaruka kutoka kwenye viti vyao kuwakimbilia, mjomba naye, mkwe wangu Baba Nyamizi naye, kofia mkononi. Nikabaki peke yangu nje ya ua, nikizungusha macho kutafuta pa kujificha.

Kwenye kona ya nyumba akatokea mama mkwe, amebeba kibuyu cha maziwa ya wageni.

Hapakuwa na pori la kukata. Palikuwa na ua wa minyaa. Nikajirusha humo kichwa mbele.

Asiyeujua mnyaa nimweleze: ukivunjika unatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni utatamani kuling'oa. Mimi niliuvunja kwa uso. Nikapiga ukelele ambao mjomba alidhani ni wa ndama, nikaanza kujisugua, na kila nikisugua ndivyo moto unavyozidi.

Kisha mkono ukanishika shingo, mkono mgumu wa jembe, ukanitoa kwenye ua.

"Acha kusugua," sauti ya mwanamke ikasema. "Fumba. Hivyo hivyo. Hujaniona, nami sijakuona."

Maziwa yakamwagika usoni mwangu, mengi, ya baridi. Akanifumbua jicho moja kwa kidole chake, huku ameugeuza uso wangu pembeni, akamimina, akafanya la pili. Nilisikia anapumua kwa haraka. Akakimaliza kibuyu chote, nikasikia hatua zinaondoka, na mlango ukafungwa.

Wanaume waliporudi walinikuta nimekaa chini, macho yamevimba kama maembe, ndevu zinadondoka maziwa. Ukweli ukajulikana pale pale, maana mjomba aliponiuliza nani ameniosha nilishindwa kudanganya. Mzee mmoja akasema huu ni mkosi: mkwilima amekuja na mahari yake kwa miguu, akavunja ua wa watu, na ameshikwa na mama mkwe mwili wake. Akasema mjomba achukue ng'ombe wake, waondoke kabla ya giza. Mjomba akaiokota fimbo yake. Ndani ya nyumba nyingine nilimsikia Nyamizi akianza kulia, na mimi niliyekuja ili anichungulie sikuweza hata kufumbua macho nimtazame.

Baba Nyamizi akasogea kwenye mlango uliofungwa. "Mama Nyamizi! Umeonana na huyu kijana?"

"Yupi?" sauti ikajibu kutoka ndani. "Nimemwosha mtu macho. Alikuwa amefumba. Hakuniona, na mimi usoni kwake niliona maziwa tu."

Mzee yule yule aliyesema mkosi akaanza kutikisika mabega, akacheka, na kicheko kikazunguka viti vyote. "Basi hawajaonana," akasema. "Wafungieni ng'ombe zizini."

Mzee Nazir alinifukuza, bila kelele, kisha akaja harusini. Lori lilivutwa na moja la zamani, likawekewa kompyuta nyingine, na taa ikawaka vile vile mpaka nilipomwomba Masalu aifungue ile soketi ya chini ya bodi. Ilikuwa imeoza, kijani kitupu. Aliisafisha kwa brashi, taa ikazima. Tangu hapo nimekuwa fundi wa kuzunguka kwenye migodi, na injini yoyote nikiletewa naanza na mahali ambapo sitaki kupeleka mkono, na kwenye kompyuta sigusi waya wa betri hata nikilipwa.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Miaka yote ile tulipishana kwa mbali kama inavyotakiwa, yeye upande wake wa njia na mimi wangu, sikuwahi kuijua vizuri sura yake. Nilipotupa udongo kaburini kwake nilitaka kumshukuru kwa sauti, nikaona haya mbele za watu, nikanyamaza. Hilo nalo ni la kujutia, lakini halina mtu wa kulicheka.