Meno ya Mnadi

Siku waliyohama, mnadi alifanya jambo moja tu la akili, na hilohilo ndilo lililomponza: alifungia meno yake ndani ya sefu.

Meno yenyewe yalikuwa ya bandia, ya juu na ya chini, meupe kuliko umri wake. Alikuwa amekula nayo, amecheka nayo na kunadi nayo mali za watu kwa miaka mingi, na hakuna aliyejua ila daktari aliyemtengenezea na marehemu mke wake wa kwanza. Mke wa sasa hakujua. Huyu walikutana mnadani. Kabla ya kuanza kunadi, mnadi huwapa watu muda wa kutazama, huku akipaza sauti: "Kagueni sasa! Ukishanunua umenunua, usinijie na kilio!" Mama huyu, fundi wa kushona nguo, alikuja kutafuta kabati la vitambaa. Alilikagua hadi chini ya droo, kama anavyofanya kwa gauni, ambalo halisifii mpaka aligeuze ndani nje. Alipokuja kulipia, neno lake la kwanza kwa mnadi lilikuwa, "Baba, una meno mazuri."

Mtu mwenye akili timamu angejibu, "Ahsante, ya kununua haya," wakacheka, yakaisha. Yeye alitabasamu mpaka magego. Walipooana alikuwa bado anatabasamu, na nafasi ya kusema ilikuwa imeshapita zamani.

Kwa hiyo kila walipokwenda kulala alisubiri mkewe ageukie ukutani. Kwa bahati, mama alipenda kulala anautazama ukuta, eti mwanga wa taa unamsumbua. Hapo ndipo mnadi alipoyatoa meno, akayatia kwenye kiboksi cha sabuni na kukifungia kwenye sefu iliyokaa upande wake wa kitanda. Asubuhi aliwahi kuamka. Alijiona mjanja kwelikweli, ingawa mara nyingine, akiwa amepiga magoti gizani anatafuta tundu la ufunguo ili tu aweze kumsalimia mkewe, alijiuliza akili zake alizipeleka wapi.

Asubuhi ya kuhama, mama alitangulia na gari la mizigo. Mnadi alibaki na wapagazi wawili washushe vitu vizito. Akaingiwa na hofu: kwa kuhema kule na kupiga kelele, meno yangeweza kumchomoka mbele ya watu. Kiboksi cha sabuni kilikuwa kimeshafungashwa na vitu vya bafuni, basi akayaviringisha kwenye leso, akayaweka kwenye rafu ya sefu, akafunga. Angeyatoa wakifika, mama akiwa bado anapanga jiko.

Wapagazi walitaka kuishusha sefu ikiwa wima, taratibu, ngazi kwa ngazi. Mnadi, ambaye maishani mwake hajabeba kitu kizito kuliko nyundo ya mnada, aliona wanamchelewesha.

"Ilazeni! Kichwa chini!" aliamrisha, mkono mdomoni.

Wakaigeuza kichwa chini. Kitu kikagongagonga ndani, kikanyamaza. Hakuna aliyekijali, yeye wa kwanza.

Kwenye nyumba mpya waliisimamisha kwenye chumba cha kulala, wakaenda zao. Mnadi akarudishia mlango wa chumba, akatia ufunguo kwenye sefu. Ulizunguka vizuri. Akashika mkono wa sefu auzungushe. Ukaenda kidogo, ukagoma. Aliuvuta, akausukuma, akaubembeleza kwa maneno matamu, mwishowe akaipiga sefu teke. Teke likamrudia kwenye kidole gumba. Alikuwa bado anarukaruka kwa mguu mmoja mama alipoingia. Akawahi kujifunika mdomo kwa taulo.

"Mzee, una nini?"

"Jino," alisema nyuma ya taulo.

"Lipi?"

Mnadi alifikiri. "Yote."

Mama akatoka, akarudi na maji ya chumvi. Mnadi akasukutua fizi zake tupu kwa heshima zote, amegeukia dirishani, huku akijiambia kwamba duniani wako wajinga wa kila aina lakini anayetibiwa jino lililo ndani ya sefu bila shaka ni yeye peke yake.

"Na sefu je?" mama aliuliza.

"Imegoma."

"Basi tuite fundi. Kesho una mnada, na nyundo yako najua imo humo."

Nyundo haikuwamo, ilikuwa jikoni kwenye sufuria. Lakini angesema nini? Akatikisa kichwa kukubali.

Fundi wa kufuli alikuja na begi zito na maneno mengi. Aliipapasa sefu, akaugusa mkono wake, akategesha sikio.

"Kitasa kizima," alisema. "Kuna kitu kimedondoka kutoka kwenye rafu, kimenasa kwenye komeo. Mliilaza?"

"Iligeuzwa kichwa chini, kidogo tu," alisema mnadi nyuma ya taulo.

"Mzee, kwenye rafu kulikuwa na nini?"

"Karatasi."

"Karatasi haizuii komeo la chuma. Kitu kigumu hicho." Fundi akachora alama kwa chaki, kiganja kimoja chini ya mkono wa sefu. "Basi nitoboe hapa. Nitapita katikati ya hicho kitu, kitasagika, komeo litaachia. Kama si cha maana lakini. Ni cha maana?"

Mnadi akalibana taulo mdomoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kushonea shingoni, anasubiri jibu kama fundi. Mnadi alikuwa anamwogopa, si kwa ukali, maana hakuwa nao. Aliogopa kumwona akijutia. Mwanamke mzima, mwangalifu, asiyekubali hata mshono uliopinda, ameuziwa mume mwenye kasoro na muuzaji ni mume mwenyewe. Kichwani akaanza kujinadi: mume mmoja, ametumika, mdomo mtupu, nani ataanza? Hakuona mkono hata mmoja.

Fundi akachomeka waya ukutani. Drili ikanguruma, ncha ikagusa chaki.

"Usitoboe!" Taulo lilianguka. Ile sauti inayosikika hadi nyuma ya umati ilitoka yote, dirisha likiwa wazi, majirani wapya wakiwa barazani kwao. "Ni meno yangu! Meno yangu yamo humo!"

Drili ikazimwa. Huko nje mtu alicheka, akanyamazishwa. Fundi alimtazama mnadi mdomoni, kisha akajitia kukagua begi lake. Mnadi alisimama pale na midomo yake iliyobonyea, akitamani sefu ifunguke tu ili aingie yeye.

Mama hakucheka. "Basi igeuzeni tena kama mlivyoigeuza kule," alisema. "Kilichodondoka kitarudi."

Fundi na mnadi wakaigeuza kichwa chini, fundi akaipiga mgongoni kwa kiganja, kitu kikalegea ndani. Mkono ukazunguka. Mlango ulipofunguka, meno ya juu yalichomoka kwenye leso, yakaserereka sakafuni. Ya chini yalikuwa bado yameng'ang'ania ukingo wa komeo, na moja la mbele limekatika nusu. Mama aliyabandua, akayapangusa kwa upindo wa kanga, akampa.

Fundi alipoondoka, mnadi alikaa juu ya godoro lililokuwa sakafuni bila kuyavaa.

"Nilikudanganya," alisema.

"Ulinidanganya lini? Kwenye mnada wako huwa unatuambia tufanye nini kwanza?"

"Mkague."

"Nilikagua. Ulipoita 'mara ya tatu', wewe ulinyamaza, meno yakamalizia kwa kugongana. Nikasema, huyu meno ni ya kununua, ila sauti ni yake."

"Mbona ulisema nina meno mazuri?"

"Ni mazuri. Sasa nione aibu kuyasifu kwa sababu yametoka dukani?"

Mnadi alitaka kucheka, badala yake machozi yakamlengalenga. Miaka yote ile ya magoti gizani! Ili apate la kufanya, aliinuka akaanza kuunga kitanda. Alipomaliza akakisukuma hadi ukutani kama kawaida, upande wa mama.

"Kitoe hapo," mama alisema. "Weka katikati ya chumba."

"Si unapenda ukutani?"

"Nani kakwambia napenda?" Mama alijisugua shingo. "Nilikuwa nakupa nafasi. Kitoe, mzee, nimechoka kutazama ukuta."

Mnadi akashika kitanda kwa mikono miwili, akakivuta mpaka katikati ya chumba.