Swali la Ofelia Kuhusu Taa

Tarehe 1 Desemba 1995, jimbo la Arizona lilianza kutumia kanuni inayowaruhusu raia wanaoamua hatia ya mshtakiwa kumwuliza shahidi maswali: wao huyaandika, hakimu huyasoma. Mwaka uliofuata Ofelia Ybarra, fundi cherehani katika mji wa machimbo ya shaba, aliitwa kuwa mmoja wao.

Mchimbaji Wendell Pruitt alishtakiwa kwa kuchoma ghala usiku. Mahakamani, mzimamoto alieleza kwamba usiku huo dhoruba ilikuwa imekata umeme mtaa mzima. Baada yake, jirani mmoja alisema alimtambua Pruitt kwa mwanga wa taa ya mlangoni. Mawakili hawakuuliza zaidi. Ofelia aliandika: “Taa hiyo iliwakaje?”

“Kuna swali?” hakimu aliuliza, na karani akaanza kupitisha kikapu cha kukusanyia maswali.

“Mama, usituanzishie,” alinong’ona Duane Kessler, raia mwenzake aliyeketi kando yake. “Njaa inatuua. Wakili analipwa kuuliza, wewe kazi yako kushona.”

Kikapu kilipofika, Ofelia aliikunja karatasi akaitia mkobani. Kesho yake aliungana na wenzake kusema Pruitt ana hatia, naye akafungwa miaka saba.

Tangu hapo, mteja akimsifu kwa upole wake, Ofelia aliitua sindano. “Usinisifie ukimya, mwanangu. Ukimya huo umemfunga mtu.”

Huenda taa ile ilikuwa ya betri. Huenda haikuwaka kabisa. Jirani yule amekwisha kufariki, na jibu ambalo angelitoa halijulikani.