Begonia ya Mama na Salamu za Mama Mkwe

Mimi sipendi kuambiwa kitu hakiwezekani. Mwalimu wangu chuoni alisema kazi ya kuotesha mimea ndani ya chupa haifanyiki nje ya maabara. Nilipoolewa Kasulu, miaka ya tisini, nilibeba paketi zangu za chumvi za kulishia mimea nikaianza kazi hiyo jikoni. Chupa za jemu nilinunua sokoni, zile zilizotoka kambi ya wakimbizi. Sufuria ya presha ilipika maharage Jumapili, Jumatatu ikachemsha chupa kuua vijidudu. Unga wa kugandisha chakula cha mimea ulipoisha, nikatumia wanga wa muhogo, na mimea haikulalamika.

Kila aina ilikuwa na tabia yake. Kangaga, yale majani ya kivulini, haikunisumbua hata siku moja. Violeti ilitaka kuoshwa kwa dawa hafifu; ukizidisha dakika mbili, jani limekuwa kahawia. Lakini ikikubali, kipande cha ukubwa wa ukucha kilinipa watoto hadi nikakosa makopo ya kuwapandia. Begonia ndiyo iliyonitoa jasho.

Ilikuwa ya mama yangu. Alipofariki Kibondo, ndugu waligawana vitenge na masufuria, mimi nikachukua ua lake la dirishani. Mvua za mwaka wa pili zikaleta ugonjwa wa kuoza. Nilipandikiza majani yake kwenye udongo, yakaoza yote. Likabaki shina moja lenye ncha mbili. Njia ilikuwa moja tu: kukata kijisehemu cha nchani, kidogo kama punje ya mtama, ambacho ugonjwa haujakifikia, na kukikuza kwenye chupa safi. Nikikosea mara mbili, nimempoteza mama tena.

Ncha ya kwanza niliikata asubuhi, kitambaa mdomoni, maana pumzi ya mtu inatosha kuharibu chupa. Mama mkwe akatokea mlangoni.

"Mwakeye, mwanangu!"

Kwa Waha salamu hiyo ya asubuhi si neno moja. Unasimama, unainama, unatoa mikono yote miwili, unaulizwa habari za shamba na za ng'ombe ambaye huna. Na kumsalimu mkwe ukiwa umefunika mdomo ni tusi. Nikashusha kitambaa nikamsalimu ipasavyo, chupa ikiwa wazi mbele yangu. Siku ya tano chupa ilikuwa imejaa ukungu mweupe kama pamba. Nililia, kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Siku ya ncha ya pili nilifunga mlango. Mama mkwe akausukuma, ukafunguka.

"Mwakeye!"

Nikanyamaza. Akarudia. Wembe ulikuwa mkononi, macho yangu kwenye shina. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya mtu asiyeamini masikio yake, nami sikuinua kichwa. Nilikata, nikatumbukiza, nikafunika. Nilipogeuka, alikuwa ameshaondoka.

Kufikia Jumapili, kijiji chetu chote cha Heru Juu kilijua kwamba mama mkwe ana mkwe msomi asiyeitikia salamu. Nilikwenda kuomba radhi, nikaambiwa amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Moyo uliniuma, lakini ningefanya vilevile tena.

Wiki ya kumi chupa ilikuwa na majani kadhaa, madogo, yenye madoa meupe kama ya lile ua la dirishani. Nikampelekea, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliishika chupa kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Hili ndilo la mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ungeniitikia, lingekufa?"

"La kwanza lilikufa."

Akanirudishia chupa. "Si ungeniambia," akasema, akaenda kuchochea moto.

Siku niliyoigawa mimea ile kwenye chupa mpya, alikuja kimya kimya na kigoda chake, akakaa mlangoni akinipa mgongo. Katekista wa kanisani akapita njiani, akaanza salamu zake tangu mbali, nikamsikia mama mkwe akimkatiza.

"Usimsalimie. Yuko na mama yake."