Kofi la Mwenyekiti

Jumamosi ile nilikuwa nimeketi nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga Kariobangi, natoa mawe kwenye maharagwe. Nilikuwa nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa wafanyakazi wa viwanda vya Baba Dogo, na mtu akishavunja jino kwenye sahani yako, hata umbembeleze vipi, harudi. Kulikuwa na kile kibaridi cha mwisho wa Julai, mwaka wa 1982. Ndugu yangu Barasa alikuwa ameegemea mlango na kioo cha mkononi, ananyoa ndevu na kuimba vibaya. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni. Mama yetu alizaa sita akazika wanne, tukabaki mimi na huyu kitinda mimba wake. Alipomtuma kwangu Nairobi alisema neno moja tu: mtunze. Nikamtunza, naye akanisumbua.

Mwenyekiti akapita. Mzee Njagi alikuwa mwenyekiti wa chama tawala pale mtaani, seremala wa vitanda, mtu wa upande wa Embu. Kila Jumamosi alizunguka ploti kwa ploti, kofia mkononi, akiuliza nani anaumwa na nani amefutwa kazi. Vijana waliokuwa wamembeba mabegani siku ya kuchaguliwa sasa walimwita Konokono, kwa sababu alikuwa ametuahidi bomba la maji na bomba lilikuwa halijafika. Mkubwa wa hao vijana alikuwa Barasa wangu.

"Mwenyekiti, maji yetu yamefika wapi?" alimuuliza, povu bado liko shavuni.

"Nilienda ofisini Jumatano. Wamesema nirudi."

"Wamesema urudi! Sisi tulikuchagua uende, si urudi."

Ploti nzima ikacheka. Mzee naye akatabasamu. "Basi nitarudi," akasema, kisha akaniuliza mimi habari za biashara. Nikamjibu tunamshukuru Mungu.

Mimi sikucheka. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walipokuja kuvunja vibanda vyetu, ni yeye aliyeleta kigoda akaketi mbele ya sufuria zangu. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Aliketi tu, akiwauliza askari habari za kwao, mpaka wakachoka wakaenda kuvunja kwingine. Vijana walisema afadhali angewapiga mawe. Sawa. Na mimi ningepika wapi siku ya pili?

Kuna kitu alinisimulia mara moja akingoja chakula chake. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa kijana anayekaa Pumwani. Wanajeshi wa mkoloni waliwapanga wanaume mstari, akaletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Aliyetikisiwa kichwa na gunia alipakiwa kwenye lori. Gunia lilimtikisia yeye, na miaka yake ya ujana ikaishia kambini. "Mpaka leo sijui alikuwa nani," aliniambia. "Huenda nimemuuzia kitanda."

Jumapili tuliamshwa na risasi. Zilitoka upande wa Eastleigh, kwanza moja moja, halafu kama mahindi yanayokaangwa. Redio ikatuambia serikali imepinduliwa, kisha ikapiga nyimbo. Kulipopambazuka vyema vijana walikuwa wamejaa barabarani, wamevunja matawi ya miti, wanayapunga na kupiga kelele: Pawa! Pawa! Hawakujua ni pawa ya nani. Walijua tu kwamba jana haikuwa yao.

Mwenyekiti akaja bila kofia. Alikuwa anaenda lango kwa lango, anasema maneno yale yale. "Kaeni ndani. Msishike tawi. Hawa waliopindua wakishindwa, watakaokuja watauliza nani alishika tawi."

"Serikali yako imeanguka, mzee," Barasa akamwambia. "Nenda ukalale."

Akachomeka tawi lake kwenye mfuko wa koti la mzee, kama ua la bwana harusi. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mzee alilitoa taratibu, akaliweka chini, akaendelea na lango linalofuata. Niliumia roho. Nilimshika Barasa shati, kifungo kikabaki mkononi mwangu na yeye akaenda. Alienda na rafiki yake Kioko, fundi wa baiskeli wa pale kona, wakafuata Juja Road kuelekea mjini, kwa sababu watu walikuwa wanasema maduka yako wazi na wenyewe hawapo.

Mchana redio ikabadilika sauti. Waliopinduliwa hawakuwa wamepinduliwa.

Risasi zikarudi, safari hii kwenye barabara kubwa.

Nilikaa nyuma ya mlango. Nilihesabu sauti za wanaopita mbio, nikitafuta viatu vya Barasa.

Alikuja jua likiwa bado liko juu, kwa njia ya mtoni, peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelowa.

"Kioko?"

Akatikisa kichwa. "Alikuwa ameshika tawi juu. Wanajeshi walipomwambia alale chini hakusikia." Akaketi kwenye mfuko wangu wa maharagwe. "Sista, nilimruka. Nilimruka nikakimbia."

Risasi ilikuwa imeingia kwenye nyama ya mkono, chini ya bega, ikatokea upande wa pili. Niliosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kwa kipande cha leso. Hospitali hatukwenda. Kulikuwa na wanajeshi kule, na mwenye tundu la risasi alikuwa anaulizwa alilipatia wapi. Kioko hakurudi. Mama yake alizunguka mochari zote za Nairobi, akainua mashuka hata ya watoto wa watu wengine, asimpate.

Katikati ya wiki malori yakafika kwetu.

Walitangaza kwa kipaza sauti. Wanaume wote wa mtaa, uwanja wa shule. Nilimvalisha Barasa sweta langu zito jeusi, nikamwambia asiinue mkono hata akiumwa na nyuki. Kidonda kilikuwa kimevimba na kilikuwa kinafunguka akitembea.

Sisi wanawake tuliketishwa kando, juu ya nyasi. Wanaume walipangwa mstari mrefu kutoka goli hadi goli. Mkubwa wa wanajeshi, kijana mwenye sauti ya upole, akaagiza Mwenyekiti aletwe.

"Wewe ni mtu wa chama," akamwambia. "Watu wako unawajua. Pita hapa. Uliyemwona na tawi Jumapili, mguse bega. Kazi yako ni hiyo tu."

Nilimtazama Mzee Njagi usoni nikaona amezeeka ghafla. Gunia lilikuwa limerudi, na sasa alikuwa anavishwa yeye.

Kama angetaka kulipiza, siku ilikuwa imefika. Waliomcheka wote walikuwa pale wamesimama, wamenyamaza kama kuku kwenye kikapu. Angegusa tu.

Akaanza kutembea. Polepole, kama alivyokuwa akitembea siku zote. Akamtazama wa kwanza, akapita. Wa pili, akapita.

Barasa alikuwa katikati.

Damu ilikuwa imeshapita sweta. Niliiona nikiwa kule kwenye nyasi. Ilishuka mkononi, ikafika kwenye kidole, ikadondoka mchangani. Ikadondoka tena. Mwanajeshi aliyekuwa karibu naye alikuwa anatazama upande mwingine, anajikuna shingo.

Nilitaka kupiga yowe nikajiuma mkono.

Mwenyekiti akafika kwake. Akatazama chini. Akamtazama machoni.

Kisha akampiga kofi.

Sikuwahi kumwona akimpiga hata mbwa. Lilikuwa kofi la mkono wa randa na msumeno, na lilisikika uwanja mzima. Pua ya Barasa ikamwaga damu mpaka kidevuni.

"Mshenzi wewe!" mzee akafoka. "Konokono ni mimi, sivyo? Jipanguse hiyo damu!"

Barasa akajipangusa na sweta, mkono ule ule. Sasa kulikuwa na damu kila mahali, na kila mtu alijua imetoka wapi.

Yule mkubwa akacheka. "Amekufanya nini, mzee?"

"Hana adabu, afande. Hunitukana kila Jumamosi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili alilala. Ni mvivu pia."

Wanajeshi wakacheka. Mzee akapita, akaendelea mpaka goli la pili. Hakuwa amegusa bega la mtu.

"Hapa sikuona hata mmoja, afande."

Mkubwa akaacha kucheka. Akamwambia arudie. Akarudia mstari wote, akarudi na jibu lile lile.

Wakamlaza pale pale.

Mkono wa kulia wakauweka juu ya jiwe la goli. Walitumia kitako cha bunduki. Halafu wakampiga upande wa kichwa, wakipokezana.

Wanaume wote walikuwa wameamriwa kutazama mbele.

Walipomaliza alijaribu kupanda lori mwenyewe. Hakuweza, wakamrusha. Wakachukua na vijana wawili kwa sababu walikuwa na viatu vipya. Hao hawakurudi.

Mzee Njagi alirudi mvua za masika zikianza. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekauka vimejikunja, haviwezi kushika randa wala nyundo, na karakana yake akaiuza. Mkewe akaanza kufua nguo za watu. Lakini Jumamosi alipita ploti kwa ploti kama zamani, kofia kwenye mkono mzima, na kwa sababu hasikii vizuri alikuwa anauliza jambo moja mara mbili. Vijana wakapata la kuchekea.

Nilidhani mtaa ungempokea kwa nderemo. Thubutu! Wale waliokuwa mwisho wa mstari hawakuona mengi, lakini kofi walilisikia wote. Likatembea mtaani kuliko habari nyingine yoyote. Ati Mwenyekiti aliletewa wanajeshi akatumia nafasi kumpiga kijana wa watu. Ati yeye na wale afande walikuwa wanacheka pamoja. Na kuchukuliwa kwake? Walikosana kwenye mambo yao wenyewe, watu wakasema. Kiongozi wa kweli angewakaripia wale wanajeshi, angekataa kutembea kwenye mstari. Hayo walisema watu ambao siku hiyo hawakuthubutu kupiga chafya.

Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini ningesema nini? Kusema ukweli wa kofi ni kusema habari za kidonda, na kidonda cha risasi cha siku ile kilikuwa kitanzi. Watu walikuwa wanachukuliwa bado, kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwenyekiti alijua hivyo, naye akanyamaza akaitwa kibaraka. Barasa pia akanyamaza, na hapo ndipo palinishinda kuelewa. Nilimwambia, "Angalau usiongee na hao wanaomsema."

"Alinipiga mbele ya watu, Sista."

"Na kama asingekupiga?"

Akavaa shati akatoka.

Miaka michache ikapita, chama kikaja na uchaguzi wa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Mgombea anasimama na watu wanapanga mstari nyuma yake, kila mtu anaona nani yuko na nani. Aliyesimama dhidi ya Mzee Njagi alikuwa kijana mwenye pikapu, ameahidi maji kabla ya Krismasi. Nyuma ya mzee tulikuwa mkewe, mama yake Kioko, mimi, na wengine wachache ambao walikuwa wanatazama chini kwa aibu ya uchache. Mstari wa pili ulizunguka kona.

Barasa alikuwa katika ule mstari wa pili, karibu na mbele. Wale waliosimama naye uwanjani, ambao mabega yao hayakuguswa, walikuwa pale pia. Niliwatambua mmoja mmoja. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapangi foleni kuja kukupiga.

Mzee hakugeuka nyuma kututazama. Hesabu ilipotangazwa hakuisikia, ikabidi mkewe amwambie sikioni. Akavaa kofia. Akaenda kumpa yule kijana mkono, mkono wa kushoto, kwa sababu ule mwingine haukufunguka.

Bomba lilikuja, siwezi kusema halikuja. Lilikuja ndani ya ploti ya mwenyekiti mpya, tukawa tunanunua kwa mtungi.

Nilimtembelea Mzee Njagi alipokuwa mgonjwa wa kitandani. Nilikaa upande wa sikio zima nikamwambia asante, kwa sauti ya kutosha. Akaniuliza, "Mkono wa kijana ulipona?" Nikamwambia ulipona vizuri. "Nilihofia uchafu," akasema. "Sweta zina uchafu." Hakuuliza kitu kingine juu yake. Mwezi huo huo tukamzika, na Barasa akasema ana zamu kiwandani.

Ndugu yangu yuko hai. Amestaafu, ana wajukuu, jioni huketi nao anawapigia hadithi. Wakimuuliza kovu la mkono ni la nini, husema mashine ya sabuni. Wakimuuliza habari za siku zile, huwasimulia mwenyekiti mmoja mwoga aliyempiga kofi mbele ya wanajeshi, na husimulia vizuri, watoto hucheka. Nimemwambia: Barasa, leo hakuna wa kukukamata. Hujibu kwamba niwaache wafu wapumzike.

Basi nasema mimi. Yule mzee hakuwa mwoga. Na ule mkono ambao ndugu yangu anashikia kikombe cha chai ungekuwa umeoza siku nyingi, kwenye shimo lile lile ambalo mama yake Kioko alikufa bila kuonyeshwa.